Wanaofumua gemu za zamani msiwaweke kapu moja na matapeli

Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, najua ukurasa wenyewe mdogo na mi nina maneno mengi, mkikata kateni tu ila hii kitu nimejaribu kuimeza siku nne imegoma kushuka.

Wiki iliyopita mlitoa makala ya wizi wa mtandaoni. Makala nzuri, mambo ya "ile hela tuma kwenye namba hii" yameelezwa vizuri mpaka nikampa mama mkwe asome. Lakini kule mwishoni mwandishi akachomeka aya moja kuhusu watu wa nje huko wanaochukua gemu za zamani, wanazifumua, alafu wanaandika upya kodi yake yote (kodi ya kompyuta, sio ile ya TRA), akawamwaga kwenye kapu lilelile la matapeli wa simu na wauza CD feki. Hapo ndio nikaweka gazeti chini.

Mi ni fundi kompyuta hapa Morogoro, natengeneza laptop, naweka Windows, nabadilisha vioo na kibodi. Sheria sijasomea. Ila hii kazi ya kufumua gemu naifatilia mwaka wa sita saivi na naona ndugu mwandishi kaisikia juu juu.

Sa kabla sijaenda mbali ngoja nikiri, maana mwizi akitafutwa kwenye stori hii wa kwanza kukamatwa ni mimi. Miaka ya 2000 na kitu mtaani kwetu kulikuwa na kafe ya intaneti yenye kompyuta nane, saba zinafanya kazi, na mchana hakuna mtu wa imeili humo, ni sisi wa sare za shule tumejazana watatu watatu kwenye kiti kimoja tunacheza GTA Vice City. Ile CD haikuwa na kava wala nini, jina limeandikwa kwa maka peni, imenunuliwa barabarani. Tulikuwa na daftari la hesabu ambalo kurasa za nyuma zimejaa maneno ya uchawi, ukiandika PANZER unashushiwa kifaru, ASPIRINE unapona, LEAVEMEALONE polisi wanakusahau. Maana yake tulikuwa hatujui ila tahajia tulikuwa nayo kuliko mwalimu wa Kingereza. Hakuna hata mmoja wetu aliyempa Rockstar, walioitengeneza, shilingi yake. Huo ndio wizi, tuuite kwa jina lake, na walionufaika ni muuza CD, mwenye kafe, na sisi.

Sa njoo kwa hawa wanaosemwa.

Gemu inaandikwa na mtu kwa lugha ambayo mtu mwingine anaweza kuisoma, mfano C, unakuta humo kuna majina na maelezo pembeni, hapa afya ya mchezaji inapungua, hapa mlango unafunguka, hapa jamaa aliandika saa nane usiku samahani msiguse. Hiyo ndio sosi kodi. Alafu kuna programu inaitwa kompaila inaisaga yote mpaka inakuwa namba ambazo prosesa, ule ubongo wa kompyuta, inazielewa, na kwenye kusagwa huko majina yanapotea, maelezo yanapotea, kinachobaki ni hamisha namba hii peleka kule, jumlisha, ruka mistari kumi. Kwenye CD au katriji ulikuwa unauziwa unga. Mahindi walibaki nayo wenyewe.

Wanachofanya hawa jamaa kinafanana na kazi ya fundi cherehani kuliko kitu kingine ninachokijua. Mtu anakuja na suruali yake ya zamani imemkaa vizuri sana, aliyeishona alishahama mji, anataka nyingine kama hiyohiyo. Fundi mzuri anaifumua mshono kwa mshono, anatandaza vipande, anachora kwa chaki, anajua hapa palikatwa mshazari, hapa pindo liliachwa vidole viwili. Suruali hajaiba, suruali ni ya mteja. Alichopata ni kujua ilivyoshonwa.

Chukua Super Mario 64. Gemu ya 1996, ilitoka na mashine ya Nintendo 64. Watu wa kujitolea wakakaa na ule unga wake wakawa wanaandika fanksheni moja moja (kipande cha kodi chenye kazi yake) kwa C, na mwaka 2019 kazi yao ikawa wazi kwa kila mtu. Sa sikiliza sharti walilojiwekea, maana hapa ndio heshima yangu kwao ilipoanzia. Ukiandika fanksheni yako ukaipitisha kwenye kompaila, kinachotoka lazima kifanane namba kwa namba, yani baiti kwa baiti, na kile cha 1996. Hairuhusiwi kusema aah mbona inafanya kazi ileile, hapana, iwe ileile. Kwa cherehani ni sawa na kuambiwa uzi wako mpya upite kwenye matundu yaleyale ya sindano ya zamani, ukitoboa tundu jipya hata moja fumua anza upya.

Na ili hilo liwezekane unahitaji kompaila ileile waliyotumia wenyewe, ambayo ilikuwa ya mashine za Silicon Graphics zenye mfumo wa IRIX, dude ambalo leo ukilikuta basi uko kwa mkusanya vitu vya kale. Unajua walifanyaje? Wakaichukua kompaila yenyewe nayo wakaitafsiri ikaweza kukimbia kwenye kompyuta zetu hizi za kawaida. Alafu kuna wakati fanksheni inakugomea, umebakiza tofauti moja tu, namba imewekwa kwenye rejista hii (kijisanduku cha namba ndani ya prosesa) badala ya ile ya jirani, mantiki iko sawa kabisa lakini baiti hazifanani, mtu anaweza kukaa hapo wiki anapoteza usingizi. Kwaiyo kuna programu nyingine wakaitengeneza, unaiachia usiku inapangua pangua mistari ya kodi yako kwa kubahatisha, inatanguliza hiki inachelewesha kile, inakompaili, inalinganisha, inarudia, asubuhi unaamka unaweza kukuta imepatia. Nilivyosoma hiyo nilicheka peke yangu dukani, mteja akauliza kulikoni fundi, nikashindwa pa kuanzia.

Na ukifumua unaona siri za aliyeshona. Kompaila ina swichi ya kuifanya kodi iende kwa kasi, sa kwenye Mario ikajulikana kwamba toleo la kwanza la Japani na la Marekani yalitoka swichi hiyo haijawashwa. Gemu iliyosifiwa dunia nzima, mashine yake prosesa ina megahezi 93 na pointi, kila tone la kasi lina thamani, alafu ilikuwa inatembea na hendibreki juu. Hakuna kitabu kilichowahi kutuambia hivyo.

Mwaka 2020 watu wakaitumia kodi hiyo kutoa toleo linalokimbia kwenye kompyuta moja kwa moja. Mawakili wa Nintendo wakashuka, na hapa naomba ndugu mwandishi aniangalie usoni: walichokiandama ni zile nakala ambazo watu walishazipika tayari na picha na sauti za Nintendo zikiwa humo ndani, wakazisambaza. Hizo zikaondolewa na mi naona sawa tu. Ila kodi iliyoandikwa upya ikabaki palepale, kwasababu humo ndani hamna sura ya Mario wala muziki wake, ukitaka ifanye kazi unaleta nakala yako ya gemu, programu inachomoa vitu kutoka humo. Asiye na nakala anapata maandishi tu ya kusoma. Muuza CD wetu wa barabarani hakuwahi kumuuliza mtu swali kama hilo.

Sa turudi Vice City maana hii inatuhusu, hakuna kijana wa umri wangu hapa mjini asiyeijua. Kuna kundi lilifumua GTA III na Vice City, miradi yao ikaitwa re3 na reVC, mwanzoni mwa 2021 ikawa iko wazi GitHub, ule mtandao ambao watu wanawekea kodi zao. Walirekebisha makosa ya miaka na miaka, skrini pana ikakubali, ule usumbufu wa kuvuka daraja alafu gemu inasimama inakuonyesha picha ya karibu ukatolewa. Na yenyewe vilevile ilikuwa inadai faili za gemu uliyonunua. Februari hiyohiyo Take-Two, ambao ndio wenye Rockstar, wakaandikia GitHub na miradi ikashushwa. Jamaa wakapinga kwa maandishi kama sheria ya Marekani inavyoruhusu, Juni ikarudishwa, Septemba Take-Two wakafungua kesi mahakamani California.

Haya, Novemba 2021, kesi haina hata miezi mitatu, Rockstar wenyewe wakatoa matoleo mapya ya zile gemu tatu za zamani (GTA III, Vice City na San Andreas), wakayaita Definitive Edition, na yale ya zamani wakawa wameshayatoa kwenye maduka ya mtandaoni. Aisee. Mvua inanyesha kama nyuzi za mkonge zimeanikwa, barabara huioni. Mabango yana makosa ya maandishi. Kuna duka la donati lilikuwa na nati kubwa juu yake, nati ya bolti yenye pembe sita, ndio utani wa jina la duka lenyewe, sa kwenye toleo jipya pembe zimelainishwa nati imekuwa duara kama tairi, yani aliyekuwa anasafisha picha hata hakuangalia ni picha ya nini. Toleo la kompyuta likaondolewa sokoni siku kadhaa kwasababu kuna mafaili yalisahaulika humo hayakutakiwa kuwemo. Rockstar wakaomba radhi hadharani na wakaahidi kuyarudisha yale ya zamani.

Sisemi Take-Two hawakuwa na haki ya kwenda mahakamani, mali ni yao. Nasema ukiweka kazi mbili mezani, ya watu wasiolipwa na ya kampuni, utajua nani aliyekaa akaisoma ile gemu mpaka chini. Kesi yenyewe iliisha 2023 bila hukumu yoyote, kwaiyo mtu akikwambia mahakama ilishawatangaza wezi kakudanganya.

Kuna nyingine ya 2025 niitaje maana nimeisimulia kwa kila mteja anayekuja kulalamika kwamba Windows mpya imeharibu gemu yake. Watu wenye Windows 11 toleo linaloitwa 24H2 wakaona kwenye GTA San Andreas ndege ya kwenye maji inaitwa Skimmer haipo. Imetoweka. Ukilazimisha kuiita, mchezaji anarushwa juu umbali ambao ukiandika ni namba yenye tarakimu zaidi ya thelathini. Kila mtu akailaumu Microsoft. Jamaa mmoja anajulikana kwa jina la Silent, mtaalamu wa kuzirekebisha hizi gemu, akaifumua hatua kwa hatua mpaka akafika kwenye mstari mmoja. Aliyeandika lile faili la orodha ya magari zamani hizo kwenye mstari wa Skimmer hakujaza namba za mwisho, zikiwemo za ukubwa wa tairi. Gemu ikifika hapo ikikosa namba inaokota kilichosalia kwenye memori kutoka kwa gari lililosomwa kabla yake, na bahati nzuri kilichosalia kilikuwa kinafaa. Miaka 20 bahati imeshika, Windows hii na ile. Sa hii mpya ikabadilisha kidogo tu inavyotumia kile kipande cha memori, masalia yakafutwa, ikaokotwa takataka. Kosa lilikuwa la gemu tangu siku ya kwanza! Bila mtu wa kufumua tungekuwa tunamlaumu asiyehusika mpaka kesho.

Alafu kuna hili ambalo watu hawaamini nikiwaambia, kwamba wenye gemu wenyewe mara nyingi mahindi yameshawapotea. Blade Runner ya Westwood Studios ilitoka 1997. Kampuni ikaja kufungwa, vitu vikahamishwa kutoka Las Vegas kwenda Los Angeles, na sosi kodi ikapotelea humo humo kwenye kuhama, kama vile wewe unavyohama nyumba unapoteza kile kiboksi cha vyeti. Kwa miaka gemu ikawa haiuziki popote. Waliokuja kuifufua ni watu wa ScummVM, kundi la kujitolea, waliifumua kutoka kwenye CD mpaka 2019 ikarudi kuuzwa kihalali mtandaoni, ikikimbizwa na kodi yao. 2022 kampuni nyingine ikatoa toleo lake jipya la kulipia, nayo ilibidi ifumue maana hakuna njia nyingine, na wateja wakalikataa, wakadai lile la ScummVM liachwe liuzwe peke yake, likaachwa. Sa hapo mwizi yupo wapi? Mwenye mali kapata mauzo ya kitu ambacho asingeweza kukiuza.

Diablo nayo, ile ya kwanza ya Blizzard. Aliyeifumua 2018 alisaidiwa na uzembe wa zamani, kwenye CD ya PlayStation ya Japani kuna faili lilisahaulika lenye majina ya fanksheni. Majina tu, lakini ukikaa gizani miezi mingi jina ni kama mtu kawasha kibatari.

Msidhani haya ni mambo ya gemu tu. Kuna taasisi moja ya kukopeshana hapa mkoani, siitaji, walikuwa na mfumo wa mikopo walioandikiwa zamani na kijana mmoja. Kijana akaondoka nchini. Sosi kodi hakuna aliyeiomba wala aliyejua kama ni kitu cha kuomba, walichonacho ni kompyuta moja pale mapokezi yenye ile programu. Siku wamebadilisha masharti ya riba mfumo ukawa unang'ang'ania riba ya zamani, wakaniita. Nikaifungua nikaona namba tupu kutoka juu mpaka chini, nikajifanya nafikiria dakika kumi hivi kulinda heshima, nikasema haiwezekani. Wakaandika kwa mkono mwaka mzima na mwisho wakalipa mfumo mpya, daftari za wanachama zikaingizwa moja moja. Ile aibu ndio iliyonifanya nianze kujifunza kufumua, na nilijifunzia kwenye gemu, kwasababu huko ndiko watu wanafundishana bure na wanaonyesha kazi yao mstari kwa mstari. Ghidra yenyewe, programu kubwa ya kufumulia, ilitolewa bure 2019 na idara ya ujasusi ya Marekani ya NSA, sa kama kufumua kwenyewe ni uhalifu basi tuanze na hao.

Na Ulaya jambo kama la wale wa mikopo lilishafika mahakama ya juu. Ubelgiji, ofisi ya serikali inayosimamia usaili wa watumishi ilikuwa na mfumo wa kampuni ya Top System una kitu kinausumbua, wakaufumua wakakizima, kampuni ikashtaki. Oktoba 2021 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema aliyeinunua programu kihalali anaweza kuifumua ili arekebishe kosa linaloizuia kufanya kazi, ila asizidishe zaidi ya kinachohitajika na aangalie mkataba wake. Marekani huko nyuma zaidi, Sega waliwashtaki Accolade kwa kufumua gemu zao ili nao watengeneze zinazokubali kwenye mashine ya Sega, na 1992 mahakama ya rufaa ikawapa haki Accolade. Mwaka huohuo Atari Games wakapigwa na Nintendo, na sababu inafurahisha, walipata nakala ya kodi kutoka ofisi ya hakimiliki kwa kudanganya kwamba wana kesi inayoihitaji. Ukiziweka hizo mbili pamoja mahakama ilikuwa inauliza swali hilohilo ninalouliza mimi: nakala uliyoanzia umeipataje?

Nakubali upande wa pili una hoja, sio kwamba nimefumba macho. Wapo wanasheria wanaosema kuandika kodi ambayo ikisagwa inatoka baiti kwa baiti na ya mwenyewe ni kunakili tu kwa kupitia dirishani, kwamba Accolade walifumua wakaandika gemu yao wenyewe, hawa wanaandika gemu ya mtu. Hoja ina uzito na siwezi kuijibu kwa mdomo wa fundi laptop. Na wapo wapuuzi ambao kila mradi ukitoka wanakimbilia kupakia gemu nzima na picha zake ili wapate watazamaji, hao ndio wanaochongea wenzao, mi nikiwaona nawaripoti.

Ila pia wapo wenye mali walioamua kufungua ghala wenyewe. id Software walitoa sosi kodi ya Doom 1997, mpaka leo watu wanaipachika kwenye kila chenye skrini. Electronic Arts 2020 wakatoa ya Command & Conquer na Red Alert. Sijasikia kama wamefilisika. Na OpenTTD, ile ya kujenga reli na mabasi, ilianza 2004 kwa Mswidi mmoja kufumua Transport Tycoon Deluxe, jamaa huyohuyo ndiye aliyekuja kufanya kazi Spotify, na leo ina picha zake yenyewe, sauti zake yenyewe, huhitaji faili lolote la zamani. Ukiwa na laptop mbovu kabisa ya 2GB inakimbia, nawawekea wateja wenye watoto.

Hapa dukani nina kijana ananisaidia, kamaliza fomu foo, hakupata nafasi ya kuendelea. Mwaka jana nilimpa laptop iliyokuwa inasubiri kuuzwa kama spea nikamwonyesha wanavyofanya. Sa kila jioni tukishafagia anakaa kwenye fanksheni yake moja ya gemu ya Nintendo 64, ana daftari, anachora mishale, rejista hii imeingia hapa imetokea pale. Hajui hata kucheza hiyo gemu, mashine yenyewe hajawahi kuishika. Juzi kaniambia bosi imebaki mistari miwili tu haifanani, jana ikawa mmoja. Alisoma makala yenu kabla yangu maana yeye ndio anayeleta gazeti, akaniuliza kama polisi wanaweza kuja.

Kwaiyo ombi langu mhariri ni dogo, ile aya irekebishwe, hata kwa mistari mitatu kwenye ukurasa wa pili. Na ndugu mwandishi akiwa na safari ya Morogoro apite, ulizia fundi wa laptop karibu na stendi ya Msamvu, huwa nafunga saa mbili usiku, akija baada ya saa kumi na mbili atamkuta kijana kwenye kiti chake na ataona mwenyewe kinachofanyika.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi wa Msamvu,
Morogoro.